Ali wa mwaka gani? Somo la kupambanisha mabingwa wa enzi tofauti

Kila wiki swali la ngumi ni lile lile: Mike Tyson angempiga Muhammad Ali? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Kuanzia leo anayeuliza namtuma hapa. Anayetaka "ndiyo" au "la" apite zake, na anayetaka kujua jibu linapatikanaje avute kiti.

Hatua ya 1: Chagua usiku, usichague jina.

Ali si bondia mmoja. Kuna yule wa 14 Novemba 1966 aliyemmaliza Cleveland Williams kwa raundi tatu kule Houston, miguu kama haigusi turubai. Na kuna yule wa Kinshasa, 30 Oktoba 1974, aliyeegemea kamba akamwacha Foreman ajichoshe mwenyewe. Kati ya hao wawili kuna miaka mitatu na nusu bila pambano, na ile miguu haikurudi. Foreman naye ni hivyo hivyo: wa Januari 1973 alimwangusha Frazier mara sita ndani ya raundi mbili, wa Novemba 1994 alikuwa na miaka 45 na alimlaza Moorer raundi ya 10 baada ya kupigwa usiku kucha. Anayefunza vizuri zaidi ni Roberto Durán. Tarehe 20 Juni 1980 alimshinda Sugar Ray Leonard, tarehe 25 Novemba mwaka huo huo akageuza mgongo akakataa kuendelea, mbele ya Leonard yule yule. Ni miezi mitano tu.

Usiponipa tarehe, sina bondia wa kujadili.

Hatua ya 2: Andika vipimo. Kimo, urefu wa mikono (ikinyooshwa, ncha hadi ncha), umri usiku ule. Inchi zidisha kwa 2.54 upate sentimita.

Hatua ya 3: Uzani.

Hapa ndipo mimi mwenyewe niliwahi kutoa hukumu mbovu, kwa hiyo soma polepole. Kosa langu lilikuwa kudhani kilo 66.7 ni kilo 66.7. Ndicho kikomo cha welta, moja ya madaraja ya uzani. Sugar Ray Robinson, bingwa wa miaka ya 1940, alikipima na mabingwa wa leo wanakipima. Nikaandika "sawa" nikaendelea. Si sawa hata kidogo. Enzi za Robinson bondia alipimwa siku ya pambano lenyewe. Aliyejikausha maji ili afikie uzani alipanda ulingoni akiwa dhaifu, kwa hiyo wengi walipigana karibu na uzani wao halisi. Kuanzia miaka ya 1980 upimaji ukahamia siku moja kabla. Mtu anajikausha, anapanda mizani, kisha ana siku nzima ya kunywa na kula. Mfano unaojulikana ni wa Februari 2000: Arturo Gatti alipimwa kama kilo 64, na usiku wa pambano akawa karibu kilo 72 na nusu. Joey Gamache akalazwa raundi ya pili. (Pambano hilo lilikuwa Madison Square Garden ya New York, si ukumbi wetu wa Nakuru wenye jina hilo.) Ukimweka Robinson mbele ya mtu wa namna hiyo, karatasi itasema welta kwa welta, lakini ulingoni utakuwa na welta na mtu wa uzani wa kati.

Tahadhari:

- Ukiamua upimaji ni siku moja kabla, uwe hivyo kwa wote wawili. Usimpe mmoja maji mwenzake ukamnyima.
- Si kila bondia wa sasa anajazia hivyo. Mayweather hakuwa mtu wa kujikausha sana. Tazama mtu, usitazame enzi pekee.
- Usimwongezee bondia wa zamani "kilo 15 za jimu". Marciano alikuwa bingwa wa dunia wa uzani mzito akiwa na kilo 84 au 85. Leo uzani mzito unaanzia juu ya kilo 90.7. Tyson Fury alimkabili Oleksandr Usyk Mei 2024 akiwa kama kilo 119. Kwa hiyo una njia mbili: mwache Marciano na kilo zake ukubali pengo la kilo 34, au mpeleke akapigane na watu wa kruza, daraja lililo chini ya uzani mzito. Ukimvimbisha umeunda mtu mpya, na huyo mtu hana rekodi.
- Pauni kwenda kilo, zidisha kwa 0.4536. Vitabu vya zamani vyote ni pauni.

Na kabla hujasema ukubwa ndio kila kitu: Usyk aliyempiga huyo Fury wa kilo 119 alikuwa na kama kilo 101.

Hatua ya 4: Kubalianeni sheria kabla ya kubishana.

Raundi 15 au 12? Swali hili ndilo hubadilisha washindi kuliko lolote. Billy Conn alikuwa anaongoza dhidi ya Joe Louis mwaka 1941, akalazwa raundi ya 13. Walcott alikuwa mbele kwa pointi dhidi ya Marciano mwaka 1952, raundi ya 13 ikammaliza. Hearns alikuwa mbele ya Leonard mwaka 1981, akasimamishwa raundi ya 14. Kata mapambano hayo kwenye raundi ya 12 na mabingwa watatu wanabadilika. Raundi 15 zilianza kuondolewa baada ya Duk Koo Kim kusimamishwa raundi ya 14 na Ray Mancini, Novemba 1982, na kufariki siku chache baadaye. WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya ubingwa, ilihamia 12 mwaka uliofuata, wengine wakafuata kabla ya muongo kwisha.

Glavu: Louis alivaa wakia 6 (gramu 170), wazito wa leo huvaa wakia 10 (gramu 283). Refa: Dempsey alipompiga Willard mwaka 1919 alisimama juu yake akimngoja ainuke ampige tena, jambo ambalo leo haliruhusiwi. Ulingo: mdogo humfaa anayesogea mbele, mkubwa humfaa anayekimbia.

Ukidhani haya ni madogo, muulize Hagler. Mwaka 1987 upande wa Leonard ulidai raundi 12, ulingo mkubwa na glavu za wakia 10. Hagler akakubali yote apate pesa zaidi. Akapoteza kwa majaji waliogawanyika.

Hatua ya 5: Tazama filamu, lakini ijue. Filamu za kimya zilipigwa kwa picha 16 hadi 18 hivi kwa sekunde. Zikichezwa kwa 24, Dempsey na Jack Johnson wanaonekana kama kuku wanaofukuzwa. Punguza kasi ndipo uhukumu. Pia, Robinson wa welta karibu hana filamu. Unayemwona kwenye intaneti ni wa uzani wa kati, na wengi wanamhukumu kijana kwa kumtazama mzee.

Hatua ya 6: Usifunge mnyororo wa "A kampiga B, B kampiga C, basi A atampiga C". Frazier alimpiga Ali 1971. Foreman akamvunja Frazier 1973. Norton akamvunja Ali taya 1973, kisha Foreman akammaliza Norton kwa raundi mbili, Machi 1974. Kwa hesabu ya mnyororo, Ali hakuwa na la kufanya Kinshasa, na bado alimlaza Foreman.

Hatua ya 7: Hukumu kwa mapambano 10. Usiseme "angempiga". Sema mara ngapi kati ya 10, na kwa njia gani.

Sasa lile swali lenu, kwa mara ya mwisho. Ali wa Novemba 1966 (sentimita 191, kama kilo 96, mikono sentimita 198) na Tyson wa Juni 1988 aliyemmaliza Spinks kwa sekunde 91 (sentimita 178, kama kilo 99, mikono sentimita 180). Hatari kwa Ali ni ngumi ya kushoto ya pembeni. Alikwepa kwa kurudisha kichwa nyuma huku mikono iko chini, na kwa mtindo huo Cooper alimwangusha 1963. Hatari kwa Tyson ni muda: kila raundi ikipita bila mtu kuanguka, mchanganyiko wake wa ngumi hupungua, akabaki kutafuta moja. Ali pia alizoea kushika shingo ya mwenzake na kuivuta chini, kwa hiyo refa mkali anamsaidia Tyson. Kwa raundi 15 nampa Ali saba, kwa 12 nampa sita. Tyson akishinda, anashinda kabla ya raundi ya 5.

MASWALI

Shabiki Sugu: Umeandika mengi lakini hujasema. Tyson angempiga Ali ama hapana?

Kona ya Bluu (mwandishi): Aya iliyo juu ya neno MASWALI.

Jirani wa Kondele: Wakubwa, mimi nauliza Conjestina Achieng wetu wa Siaya na Laila Ali. Nani?

Kona ya Bluu: Hao si wa enzi tofauti, ndugu yangu. Laila alianza ngumi za kulipwa 1999 akastaafu 2007 bila kushindwa, mapambano 24. Conjestina alikuwa ulingoni miaka hiyo hiyo. Hilo ni pambano ambalo halikuandaliwa tu, na urahisi wake ni kwamba hubadilishi sheria yoyote: raundi 10 za dakika mbili. Tatizo ni Hatua ya 3. Laila alitawala kilo 76.2, Conje alikuwa mtu wa kilo 72.6. Amua kwanza nani anahama.

Mkeka Mkononi: Kwa hiyo kati ya Fury na Joe Louis niweke pesa wapi?

Kona ya Bluu: Louis alifariki 1981. Weka kwa unga.

Fundi wa Kaptembwo: Somo safi, lakini hapo kwa Marciano umemwonea. Alishinda 49 bila kushindwa, 43 kwa nokauti. Rekodi haidanganyi.

Kona ya Bluu: Sijamwonea, nimempima. Nyingi ya hizo 49 ni dhidi ya watu wa karibu na kilo zake, na Louis aliyemlaza 1951 alikuwa na miaka 37. Nimetoa njia mbili, chagua moja. Ukisema "rekodi haidanganyi" unarudi Hatua ya 1.

Fundi wa Kaptembwo: Basi Marciano wa Septemba 1952 kwa Usyk alipokuwa kruza, 2018. Raundi 15, glavu za wakia 8, upimaji siku ile ile.

Kona ya Bluu: Sasa tunaongea! Hilo ni pambano. Usyk ni wa mkono wa kushoto, kimo sentimita 191 kwa 178 hivi. Pa kutazama ni mbavu: Marciano alipiga mikono na mbavu za mtu hadi ulinzi ukashuka wenyewe, na raundi tatu za ziada ni zake. Lakini alichanika ngozi kirahisi, na daktari wa leo angesimamisha mapema kuliko wa 1952. Andika daktari kwenye sheria zenu. Mimi Usyk sita, Marciano nne, na zote nne ni baada ya raundi ya 9.

Binti Bondeni: Si kompyuta ingemaliza huu ubishi? Gemu ziko.

Kona ya Bluu: Walijaribu mapema, dada. Mwaka 1967 kulikuwa na mashindano ya redio Marekani, kompyuta ikipambanisha wazito wa enzi zote. Ali akapewa kushindwa na Jim Jeffries, akaenda mahakamani. Baadaye yeye na Marciano wakarekodi pambano la kuigiza mbele ya kamera, 1969. Waliotazama Marekani walimwona Marciano akishinda raundi ya 13, toleo la Ulaya likampa Ali. Kompyuta inatoa ulichoiwekea. Ukitumia gemu, kwanza soma namba alizopewa kila bondia, halafu jiulize nani aliziandika.

Mwalimu wa Bungoma: Naomba kuuliza la nyumbani. Wanafunzi wangu hubishana Philip Waruinge na Robert Wangila. Je, hatua hizi zinafaa kwa ngumi za ridhaa?

Kona ya Bluu: Mwalimu, zinafaa sana, na zinahitaji uangalifu zaidi kwa sababu sheria za ridhaa zimebadilika mara nyingi kuliko za kulipwa. Waruinge na Wangila wenyewe ni vigumu kuwapambanisha: Waruinge alikuwa unyoya, kilo 57, Wangila welta, kilo 67, na dhahabu yake ya Seoul 1988 aliipata kwa kumlaza Boudouani raundi ya pili. Pengo la kilo 10 kwa watu wadogo hivyo huliruki.

Wape wanafunzi hili badala yake: Waruinge wa Mexico 1968 na Lomachenko wa Beijing 2008. Wote kilo 57, na wote walipewa kombe la Val Barker la bondia bora wa kiufundi wa Olimpiki, Waruinge akiwa na shaba tu baada ya kupoteza nusu fainali kwa Roldán, mwenyeji. Kisha wapangie sheria:

1968: raundi 3 za dakika 3, kichwa wazi, majaji wanaandika. 2008: raundi 4 za dakika 2, kofia ya kinga, na pointi huhesabiwa tu majaji watatu kati ya watano wakibonyeza ndani ya sekunde moja. Mfumo huu wa vibonye hauzihesabu vizuri ngumi za mfululizo za karibu, unapenda moja safi inayoonekana. Waamue kwanza wanatumia upi, ndipo majina yaje.

Mwalimu wa Bungoma: Asante sana. Na mahali pa pambano pana uzito?

Kona ya Bluu: Swali zuri, nilisahau kuliweka. Jiji la Mexico liko mita 2,240 juu ya bahari, Nakuru kama 1,850, Beijing karibu na usawa wa bahari. Likipigwa Mexico, raundi ya tatu ni ya Waruinge, aliyezoea hewa nyepesi ya nyanda za juu.

Shabiki Sugu: Na Tyson je, akipigana Nakuru?

Kona ya Bluu: Tarehe?