Jinsi ya kuandaa andiko la mradi wa maji wa kijiji na kulifikisha halmashauri

Kijijini kwetu, juu ya uwanda wa Makonde upande wa Tandahimba, tulishawahi kupata pampu ya dizeli. Haikuharibika. Ilisimama kwa sababu mafuta yalitushinda, na kina mama wakarudi bondeni na ndoo kichwani. Siku tulipoomba mradi ule tulipiga hesabu ya kujenga tu. Hakuna aliyeuliza mafuta ya miaka 15 atayalipa nani. Naandika haya ili kijiji kingine kisipite tulikopita.

Mkutano kwanza, na uwahi

Andiko lisilotoka kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji halifiki mbali. Mwenyekiti auitishe, mtendaji aandike muhtasari, na orodha ya mahudhurio iwe na saini. Kwenye muhtasari andikeni tatizo, yaani maji yako mbali kiasi gani na kaya ngapi zinayafuata. Msiandike dawa. Mkishaandika "tunaomba kisima cha dizeli" mmejifungia mlango wa njia nyingine.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, lakini makadirio huandaliwa miezi mingi kabla. Kwetu kusini fanyeni mkutano Agosti. Korosho zikianza kudondoka kila mtu yuko shambani, na akidi hamtaipata.

Njia mbadala na gharama zake

Chagueni njia mbili au tatu, na mojawapo iwe kuacha mambo yalivyo. Kisha mwoneni mhandisi wa RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, wa wilaya awape makadirio. Msikisie, kwa sababu kina cha maji juu ya uwanda si sawa na kule mabondeni.

Gharama ni zaidi ya saruji na mabomba. Wekeni mafuta, mlinzi, fundi na vipuri. Wekeni pia nguvu za wananchi: mtu anayechimba mtaro siku nzima ameacha palizi yake, na siku hiyo ina bei.

Kuirudisha hela ya kesho kwenye thamani ya leo

Hapa ndipo maandiko mengi hukwama, ingawa sisi watu wa korosho somo hili tunalijua kwa maumivu. Mtu ana njaa mwezi wa tatu, anauza kwa kangomba, yaani biashara isiyo rasmi, korosho ambazo hata ua hazijatoa, kwa bei ya kutupa. Amekata thamani ya hela ya Oktoba ili apate hela ya leo. Mnunuzi wa kangomba anakata sana kwa kuwa anaijua shida yako. Kwenye mradi wa umma tunakata pia, ila kwa kiwango kilicho wazi kwa wote. Muulizeni Afisa Mipango wa halmashauri kiwango wanachotumia. Mimi hapa natumia asilimia 10.

Kikokotoo cha simu kinatosha. Shilingi 1,000,000 ya miaka 5 ijayo igawe kwa 1.1 mara tano. Utapata kama 620,900. Hiyo ndiyo thamani ya sasa. Kama gharama ni ileile kila mwaka kwa miaka 15, zidisha ya mwaka mmoja kwa 7.606, basi. Namba hiyo ni jumla ya thamani ya sasa ya shilingi moja ya kila mwaka kwa miaka 15, kwa asilimia 10; kiwango kikibadilika, nayo hubadilika. Tumieni bei za leo kwa miaka yote, msichanganye na mfumuko wa bei.

Tuchukue tarakimu za mfano. Pampu ya dizeli: kujenga milioni 60, kuendesha milioni 12 kwa mwaka. Milioni 12 mara 7.606 ni milioni 91.3, jumla milioni 151.3. Pampu ya sola: kujenga milioni 105, kuendesha milioni 3 kwa mwaka, na mwaka wa 8 kubadilisha vifaa vya umeme kwa milioni 8. Thamani ya sasa ya uendeshaji ni milioni 22.8, ya vifaa milioni 3.7, jumla milioni 131.5. Siku ya kuzindua, sola inaonekana ghali kwa milioni 45. Kwa miaka 15 ni nafuu kwa karibu milioni 20. Hesabu hii tungeipiga sisi, pampu yetu isingekuwa banda la popo.

Faida: hesabuni saa za kina mama

Tukiulizwa faida tunaandika "wananchi watanufaika". Hiyo haihesabiki. Kaya 150 zikiokoa saa 2 kila siku, na saa moja tukaithamini kwa shilingi 200 tu, kwa mwaka ni milioni 21.9. Mara 7.606 ni milioni 166.6. Gawanya kwa gharama ya sola: 1.27. Kwa dizeli ni 1.10. Uwiano ukizidi 1, mradi unarudisha zaidi ya unachokula. Saa hizo msione haya kuziandika. Atakayesema muda wa mama hauna bei, aamke alfajiri ashuke naye bondeni.

Tahadhari moja: hela ya ndoo watakayolipa kituoni msiijumlishe na saa hizo. Inatoka mfuko wa mwananchi kuingia kwa chombo cha maji cha jamii, haijazaliwa upya.

Tikiseni hesabu

Badilisheni kiwango. Kwa asilimia 15 sola bado inashinda kwa takriban milioni 5. Kwa asilimia 20 dizeli ndiyo inakuwa nafuu. Andikeni hivyo hivyo, msifiche. Punguzeni na saa mbili ziwe moja na nusu, muone: kwa asilimia 10 uwiano wa sola unashuka chini ya 1, kwa hiyo saa hizo zipimwe kwa kutembea na kina mama wenyewe, si kwa kukadiria ofisini. Wazee wa Nachingwea wanaukumbuka mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 ukaachwa 1951. Reli ilijengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja, kwa sababu udongo, mvua na mashine vilidhaniwa tu.

Kuwasilisha

Andiko likikamilika, lipitishwe na Halmashauri ya Kijiji, kisha mtendaji wa kijiji alipeleke kwa mtendaji wa kata liingie Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti. Kutoka hapo linakwenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri, nakala kwa Meneja wa RUWASA wa wilaya. Ambatisheni muhtasari, mahudhurio, makadirio ya mhandisi na ukurasa wa hesabu, wenye kiwango mlichotumia.

Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, na ikae ofisi ya kijiji, si nyumbani kwa mtu. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, msomewe wote kwenye mkutano unaofuata.