Jinsi ya Kuwasilisha Malalamiko ya Manusura wa LGBTQ kwa Mtaalamu Huru wa Umoja wa Mataifa

Tarehe 30 Juni 2016, Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 32/2 lililoanzisha nafasi ya Mtaalamu Huru wa kushughulikia ukatili na ubaguzi unaowapata watu kwa sababu ya mwelekeo wao wa kimapenzi au utambulisho wao wa kijinsia. Mwenye nafasi hiyo, ambayo Graeme Reid alikabidhiwa mwaka 2023, anaweza kuiandikia serikali na kuitaka ieleze imefanya nini kuhusu kisa fulani. Si hakimu, hivyo hamfungi mtu wala haamuru fidia. Manusura aelezwe hivyo waziwazi tangu siku ya kwanza, kwa maana mtu aliyekwisha kuvunjwa moyo na vyombo vya nchi yake hastahili kupewa tumaini la uongo.

Kabla ya kugusa fomu, hakikisha kwamba manusura yuko mahali salama na amepata matibabu. Ikiwa alibakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza haraka iwezekanavyo, nazo hazitolewi baada ya saa 72 kupita. Malalamiko yanaweza kusubiri, dawa haziwezi.

Hatua inayofuata ni ridhaa, na hapa ndipo mtetezi anapopaswa kukaa muda mrefu kuliko penginepo. Jina la anayewasilisha malalamiko hutunzwa kwa siri, lakini jina la aliyetendewa ukatili kwa kawaida huandikwa katika barua inayopelekwa serikalini, kwa sababu serikali haiwezi kuchunguza kisa cha mtu isiyemjua, na baadaye barua hiyo hutangazwa hadharani. Katika nchi ambako uhusiano wa jinsia moja ni kosa la jinai, au ambako familia ya manusura haijui lolote kuhusu maisha yake, hilo linaweza kumletea hatari mpya. Kwa hiyo muulize mambo mawili kwa nyakati tofauti: kama anakubali jina lake lijulikane kwa serikali, na kama anakubali lionekane katika taarifa ya hadharani. Mpe siku za kufikiri, na akikataa, uamuzi wake uheshimiwe bila kumbembeleza, hata kama kisa chake kingewasaidia wengine wengi.

Akikubali, andika maelezo pamoja naye katika kikao kimoja au viwili, ili asilazimike kuyarudia maumivu yake mbele ya kila mtu. Eleza kilichotokea, lini, wapi, watendaji ni akina nani, na kama ni watumishi wa dola au watu ambao dola ilishindwa kuwazuia. Onyesha pia uhusiano wa ukatili huo na mwelekeo au utambulisho wake. Maneno yaliyotamkwa na washambuliaji mara nyingi ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote, basi yaandikwe jinsi yalivyosemwa. Malalamiko yanayotegemea habari za magazeti peke yake, au yenye lugha ya matusi, hayapokelewi.

Maelezo hayo huwasilishwa kwa fomu ya mtandaoni ya Ofisi ya Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa au kwa posta kwenda Geneva, ikiwezekana kwa Kiingereza, Kifaransa au Kihispania. Si lazima kesi iwe imemalizika katika mahakama za nchi, wala si lazima nchi hiyo iwe imeridhia mkataba wowote. Ikiwa kisa kinagusa pia mateso au vitisho dhidi ya watetezi, wataje wataalamu wanaohusika na masuala hayo, kwani wanaweza kutia saini barua moja kwa pamoja.

Pale ambapo hatari inaendelea au iko karibu, omba wito wa dharura, yaani barua ya kuitaka serikali ichukue hatua mara moja, na ueleze sababu katika sentensi za mwanzo kabisa. Kwa ukatili uliokwisha kutokea hutumwa barua ya madai, yaani barua inayoieleza serikali yanayodaiwa kutendeka, na serikali hupewa siku 60 za kujibu kabla ya barua kutangazwa. Katika kipindi hicho endelea kuwasiliana na manusura, na akitishiwa kwa sababu ya malalamiko hayo, au akiondoa ridhaa yake, iarifu Ofisi ya Kamishna Mkuu siku hiyohiyo.