Kuchagua fito, ncha na manyoya ya mishale ya shabaha ya mbali

Wanaoanza kulenga shabaha ya mbali huniuliza kwanza habari za upinde. Mimi huwarudisha kwenye mshale. Kwenye mita 70, umbali wa Olimpiki, duara la alama 10 lina upana wa sentimita 12.2 tu. Mishale isiyofanana haikai humo hata mpigaji awe hodari namna gani. Kwa hiyo kila ninachochagua lazima kifanane na wenzake.

Huku kwetu Chemba, mkoani Dodoma, ufito (mwili wa mshale) wa mti wa mkole unapatikana bila shida. Kata machipukizi yaliyonyooka, unene wa kidole kidogo, na ukate mengi, maana mengi utayaacha. Yafunge fungu moja uyaning'inize kivulini. Jua la Agosti na upepo wake hupasua ufito kabla haujakauka ndani. Ukikauka, menya gome, pasha moto juu ya makaa palipopinda, nyoosha, kisha shikilia mpaka upoe.

Sasa pima ugumu, na hapa usiharakishe. Mshale ukiachiwa hupinda kuuzunguka mti wa upinde, halafu hujinyoosha angani. Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia, ufito mgumu mno huangukia kushoto, na ulio laini mno huangukia kulia. Laza ufito juu ya misumari miwili iliyoachana sentimita 66, ning'iniza katikati chupa ya maji yenye uzito wa gramu 907, kisha pima umeshuka milimita ngapi. Gawa 660 kwa hizo milimita: jibu ni paundi, yaani nguvu ya kuuvuta, za upinde unaoufaa. Ukishuka milimita 16.5, ni wa upinde wa paundi 40. Fito za kundi moja zisipishane zaidi ya milimita moja. Zilizobaki usizitupe, mwenye upinde mwingine atazitaka.

Uzito upime kwa mizani ndogo ya sonara. Kwa upinde wa paundi 40, mshale mzima usiwe chini ya gramu 26. Mshale mwepesi mno hauibebi nguvu yote, inayobaki inaurudia upinde na kuupasua. Mkole ni mti mzito, kwa hiyo mara nyingi utavuka hapo. Utalenga juu kidogo zaidi, lakini upepo wa pembeni hautausumbua sana, na kwa uwanda wetu huu mimi naona hiyo ni faida.

Ncha ya shabaha haihitaji makali wala miiba. Kipande cha msumari kilichochongwa mviringo kinatosha, mradi vyote viwe na uzito mmoja. Weka ncha upande mnene wa ufito. Kisha laza mshale juu ya kidole utafute unapotulia. Mshale wa sentimita 75 utulie kama sentimita 46 kutoka mkato wa nyuma, ule unaokaa kwenye upote. Ukitulia katikati kabisa, utayumba njiani.

Manyoya ni matatu, ya bawa la bata mzinga au kanga wa kufugwa. Tai muache, idadi yake imeshapungua vya kutosha. Yote matatu yatoke bawa la upande mmoja, ama kushoto ama kulia, maana mkunjo wake ndio unaozungusha mshale. Urefu wa sentimita 10 unatosha. Zaidi ya hapo yanapunguza mwendo na kukamata upepo. Bandika kwa gundi ya maseremala na ufunge ncha zake kwa uzi.

Andika namba kwenye kila mshale. Unaotoka kundini kila mara, upime upya. Vipimo vikiwa sawa, ukunje taratibu karibu na sikio. Ukilia, una ufa: uvunje vipande viwili papo hapo asije mtu akauokota na kuupiga, kwa sababu mshale wenye ufa hupasukia kwenye mkono ulioshika upinde.