Namna ya Kuomba Ufadhili Mfupi wa Utafiti katika Maktaba ya Dini kwa Mtafiti Aliyeko Dodoma

Anayetafiti historia ya dini katika Tanzania ya kati hutambua mapema kwamba sehemu kubwa ya maandishi yanayohusu Mpwapwa, Mvumi, Kongwa au Iramba haipo nchini. Wamisionari wa Church Missionary Society (CMS), waliofungua kituo cha Mpwapwa katika miaka ya 1870, waliandika barua na ripoti zao kwenda London, na karatasi hizo leo zinatunzwa katika Maktaba ya Utafiti ya Cadbury ya Chuo Kikuu cha Birmingham. Nyaraka za Misheni ya Leipzig, iliyohubiri Kilimanjaro, ziko Halle nchini Ujerumani, katika Taasisi ya Francke. Kwa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha St. John's cha Tanzania, mwanafunzi wa uzamivu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) au mchungaji anayeandika historia ya dayosisi yake, nauli peke yake inatosha kuizima kazi kabla haijaanza.

Hapo ndipo unapofaa ufadhili mfupi wa utafiti. Maktaba humgharamia mtafiti nauli, malazi au posho kwa muda wa kuanzia wiki mbili hivi hadi miezi michache, ili aje kusoma makusanyo yake. Taasisi ya Francke huko Halle hutoa ufadhili wa aina hiyo, na vivyo hivyo Maktaba ya Theolojia ya Pitts katika Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta. Anayechunguza miswada ya Kiislamu au ya Ukristo wa Ethiopia aitazame Hill Museum & Manuscript Library, iliyoanzishwa mwaka 1965 na watawa Wabenedikto huko Collegeville, Minnesota. Maktaba hiyo imo ndani ya Chuo Kikuu cha Saint John's cha Marekani, kisicho na uhusiano na chuo chetu cha Dodoma zaidi ya jina, kwa hiyo mwombaji aandike majina yote mawili kwa ukamilifu ili kamati inayochagua waombaji isichanganyikiwe.

Waombaji wengi hufikiri kwamba kinachoshindaniwa ni uzuri wa mada. Kwa maoni yangu sivyo. Kamati husoma maandiko mengi ya maombi yenye mada nzuri, na swali lake ni moja: je, kazi hii inahitaji makabati yetu, na inaweza kukamilika katika wiki tunazotoa? Mwombaji anayelijibu swali hilo kwa namba za majalada humtangulia mwenye maneno matamu. Kwa sababu hiyo kazi huanzia kwenye katalogi, ambayo kwa kawaida iko wazi katika intaneti, na inastahili majuma kadhaa ya kusomwa kwa subira kabla sentensi moja ya andiko haijaandikwa.

Katalogi za misheni zina desturi zake. Jina Tanganyika lilianza kutumika rasmi mwaka 1920, hivyo barua za kabla ya hapo hutafutwa kwa majina kama Nyanza, Usagara au Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tahajia nazo hubadilika: Mpwapwa huandikwa pia Mpapwa, na vijiji vya Ugogo vimeandikwa jinsi sikio la Mwingereza lilivyovisikia. Aidha, Dayosisi ya Central Tanganyika ilipoanzishwa mwaka 1927 chini ya Askofu George Chambers, wamisionari wake wengi walitoka Australia, na barua zao zilielekea huko. Anayeandika juu ya Mvumi ya miaka ya 1930 akategemea nyaraka za Uingereza peke yake atakosa mengi, na ni busara ajue hilo kabla ya kuchagua maktaba ya kuiomba. Aulize pia kwa barua pepe ni majalada gani yamekwisha kuwekwa kwenye mikrofilamu au mtandaoni, kwa maana kuomba safari ya kwenda kusoma kinachosomeka ukiwa Dodoma hudhoofisha ombi zima. Barua hiyo kwa mtunza nyaraka iwe fupi, yenye maswali mawili au matatu mahsusi. Wakutubi hawa hujibu vizuri mno wanapoona kwamba muulizaji ameisoma katalogi yao.

Andiko lenyewe aghalabu huwa la kurasa mbili tu. Tuchukue mfano. Mwombaji mmoja anaandika: "Ninakusudia kuchunguza mchango wa wamisionari katika maendeleo ya elimu Tanzania." Sentensi hiyo ingeweza kupelekwa kwenye maktaba yoyote duniani, na kazi yake haiishi kwa mwezi wala kwa mwaka. Mwingine anaandika: "Katika wiki nne nitasoma barua zilizotoka Mpwapwa na Mvumi kati ya 1900 na 1914, nikitafuta majina ya walimu Wagogo, vijiji walivyofundisha na malipo yao, kisha nitayalinganisha na vitabu vya ubatizo vilivyobaki katika parokia." Akiongeza hapo namba za majalada na mgawanyo wa kila wiki, kamati itamwona akiwa tayari ameketi mezani. Sentensi hii ya pili haikuhitaji Kiingereza cha fahari. Ilihitaji mtu anayejua anachokifuata.

Angalia tena sehemu ya mwisho ya mfano huo, inayotaja vitabu vya ubatizo. Hapo ndipo mtafiti wa kwetu anapokuwa na kitu ambacho mwenzake wa Ulaya hana, na inasikitisha kuona waombaji wakikificha kana kwamba ni upungufu. Anayejua Cigogo, Kirangi au Kinyiramba humtambua mwalimu ambaye katika barua ametajwa kwa jina la ubatizo tu, hujua mlima upi unasemwa, na ana uwezo wa kumwuliza mjukuu wa mwalimu huyo. Andiko liseme hivyo waziwazi. Na ili liseme kweli, mwombaji awe ameanza nyumbani: apitie maktaba za vyuo vya theolojia vya Msalato na Kongwa, aombe ruhusa ya kuona vitabu vya parokia, atembelee Kituo cha Kumbukumbu za Taifa kilichopo Dodoma, kisha aeleze katika mistari michache alichokipata na pengo lililobaki. Pengo hilo ndilo sababu ya safari.

Barua za wadhamini huharibu maombi mengi mema. Kwetu tumezoea kumsifu mtu kwa tabia yake, kwamba ni mcha Mungu, mwenye nidhamu na ushirikiano mzuri kazini, na sifa hizo ni za kweli, lakini haziiambii kamati kama anaweza kusoma mwandiko wa mkono wa karne ya 19. Mwombaji ampe mdhamini wake andiko, orodha ya majalada na tarehe ya mwisho mapema, walau mwezi mmoja kabla, na amwombe kwa heshima aeleze ujuzi wa lugha, kazi zilizokwisha kuchapishwa na kwa nini maktaba ile na si nyingine. Pale ambapo nyaraka zinazotakiwa ni za kanisa na bado zimefungwa kwa miaka maalumu, barua ya utambulisho kutoka kwa Baba Askofu inaweza kusaidia, ingawa haivunji masharti ya maktaba.

Kuhusu fedha, jambo la kuuliza kabla ya kukubali ni kama posho hutolewa mwanzoni au hurejeshwa baada ya kuwasilisha risiti. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa mwezi. Marekani hukata kodi kwenye ufadhili wa mgeni: kwa kawaida 14% kwa mwenye viza ya J (ya wageni wa mabadilishano) au F (ya wanafunzi), na 30% kwa wengine, na Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani wa kupunguza makato hayo, kwa hiyo bajeti ipangwe kwa kiasi kinachobaki. Viza nayo ifuate maelekezo ya maandishi ya maktaba; Marekani, kwa mfano, ina kundi la J-1 la wasomi wa muda mfupi, lisilozidi miezi sita, na mwenyeji ndiye anayeandaa fomu yake ya DS-2019. Ofisi za balozi za kushughulikia viza ziko Dar es Salaam. Treni ya SGR imerahisisha safari hiyo tangu 2024, lakini pasipoti na miadi ya ubalozi vina muda wake, na miezi minne kabla ya kuondoka si mapema mno.

Ukifika, siku huenda mbio. Katika chumba cha kusomea huruhusiwi kalamu ya wino, bali penseli na kompyuta. Mkoba huachwa nje. Kitabu kikuukuu huwekwa juu ya mito ya sponji, na majalada hutolewa kwa idadi na kwa saa maalumu, hivyo ya kesho huagizwa leo. Panaporuhusiwa kupiga picha, andika namba ya jalada kwenye kipande cha karatasi, uipige picha hiyo kwanza, kisha zifuate kurasa. Asiyefanya hivyo hurudi na mamia ya picha asizoweza kuzitaja katika tanbihi yoyote. Kila jioni, hata uchovu ukizidi, andika aya moja juu ya ulichokisoma, kwa kuwa aya hizo ndizo zitakazokuwa ripoti ambayo maktaba itaidai, na pengine mhadhara mfupi utakaoombwa kuutoa kabla ya kuondoka.

Kabla ya kuaga, muulize mtunza nyaraka kwa maandishi kama unaruhusiwa kuacha nakala za picha zako katika maktaba ya Msalato au parokiani Mvumi, na kwa masharti gani ya hakimiliki. Ruhusa ikipatikana, zipangwe kwa namba zilezile za majalada ya huko zilikotoka, na barua yenyewe ya ruhusa iwekwe juu kabisa, ili mtafiti atakayefuata ajue anachoruhusiwa kuchapisha.