SOMO: SMS, sauti au video? Kufundisha watu wazima kwa simu huku Ziwani

Wakuu, wiki hii nimeulizwa mara sita: "Nitumie app gani?" Naandika mara moja; ukiniuliza tena nakurudisha hapa. Nafundisha kusoma na hesabu za biashara kwa wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa, upande wa Igombe, Mwanza, na visiwani Ziwa Victoria.

1. Hesabu simu, si watu. Kila mtu aweke yake mezani. Kwangu vitochi vilizidi simu janja, na nyingine zilikuwa za waume. Simu ikiwa ya nyumba nzima, usitume humo maksi za mtu.

2. Lugha. Wengi wamekizungumza Kisukuma tangu utotoni lakini hawajawahi kukisoma, maana shule ya msingi ilikuwa kwa Kiswahili. Kina irabu saba, na sisi kwa mazoea tunakiandika kwa tano, basi msomaji anasimama katikati ya neno anakisia. Kwa hiyo Kisukuma kwa sauti, Kiswahili kwa maandishi. Ukivuka Ukerewe usiende na Kisukuma chako kifua mbele: huko utakuta Kikerewe na Kijita, na Ukara wana Kikara.

3. Ratiba ifuate mwezi wa angani. Siku za giza wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao, na asubuhi akina mama wako kwenye vichanja. Mbalamwezi ikiwaka dagaa hawafuati taa, watu wanapumzika. Fundisha hapo.

4. SMS za mkupuo. HAPA NILILIWA. Ujumbe wangu wa kuwakumbusha "darasa la ng'ambo" ulikuwa na herufi 148. Kikomo ni 160, nikajua ni SMS moja. Nikatuma kwa watu 200. Salio likakatwa SMS 600. Nikawapigia walioniuzia, nikawaita wezi, na baadaye ilibidi niwaombe radhi. Kosa lilikuwa kile kialama cha ng'. Kilichonyooka kimo kwenye alfabeti ya SMS. Kilichopinda, ambacho kompyuta inakuwekea yenyewe, hakimo. Kikiingia kimoja tu, ujumbe wote unahamia mfumo mwingine wenye kikomo cha 70, na ukizidi hapo unakatwa vipande vya 67. Herufi 148 zikawa vipande vitatu.

Angalieni: msinakili ujumbe kutoka kwenye programu ya kuandikia barua bila kukagua. Vikatuni vya kucheka vinafanya hivyo hivyo. Irabu za Kisukuma zenye alama juu, hivyo hivyo. Na huku kwetu ng' imejaa kila mahali, kwa hiyo mtaliwa kuliko watu wa Pwani. Jaribu kwanza kwenye simu yako: namba ya herufi zilizobaki ikiporomoka ghafla, futa hicho kialama ukiandike upya.

5. Sauti: dakika mbili, na salamu kwanza. Niliwahi kuanza moja kwa moja na "Somo la tatu", mzee mmoja akanipigia kuuliza nani kafariki. Shikamoo au mwadila (salamu ya Kisukuma), habari za nyumbani, ndipo somo.

6. Majibu: kubip. Bip moja nimeelewa, mbili nipigie.

7. Video: achana nayo mpaka wenye bando wawe wengi.

MASWALI

Sato_Mkavu: Somo zuri mkuu. Sasa app gani?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Sato_Mkavu: Nimesoma ila hujataja.

Mwandishi: Umehesabu simu? Ngapi?

Sato_Mkavu: Bado.

Mwandishi: Haya.

Mzalendo_halisi: Kisukuma cha nini? Lugha ya taifa ipo. Mnarudisha ukabila.

Mwandishi: Umesoma hatua ya 2 au umeona neno Kisukuma ukashtuka? Maandishi yote ni Kiswahili. Mama anayepiga hesabu ya magunia kichwani kwa Kisukuma simwambii asubiri mpaka Kiswahili chake kinyooke.

mwl_mpya_Sengerema: Shikamoo mwalimu. Kuna alama nyingine za kuogopa kwenye SMS? Na redio umeiacha kwa nini?

Mwandishi: Marahaba, maswali mazuri. Mabano ya mraba na alama ya euro zinahesabiwa herufi mbili mbili, ila haziharibu ujumbe wote. Redio sijaidharau. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha nchi nzima kwa redio, lakini watu walikaa vikundi, wana kijitabu na kiongozi, kipindi kikiisha wanajadili na kupanga kazi, mfano kuchimba vyoo. Ukipata kipindi redio ya hapa, unda vikundi kwanza. Mtu akisikiliza peke yake huku anaparua samaki, yakimpita yamempita. Nikutumie orodha yangu ya maswali ya kikundi?

mwl_mpya_Sengerema: Nitashukuru sana.

Dagaa_Mchele: Nyongeza: kisiwani kwetu mtandao ni wa kubahatisha. Masomo namwachia kijana anayejaza nyimbo kwenye memori kadi, mama ntilie anayapiga kwenye sabufa jioni.

Mwandishi: Hii sikuwahi kuiwaza! Anachaji bei gani?

Dagaa_Mchele: Bure. Ila kati ya somo la nne na la tano anachomeka singeli.