Futi tatu za chini: lipu ya Kirumi kwa kuta zenye unyevu

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zinafanana kwa hili: chini ya ukuta lipu imetuna, rangi inabanduka, chumvi nyeupe inatoka. Wengi hukimbilia saruji, na saruji ndiyo inayozidisha. Ukuta wa mawe ya matumbawe hunyonya maji ardhini. Ukiuziba, maji hupanda juu zaidi, na lipu ikianguka huondoka na vipande vya jiwe.

Vitruvius, mjenzi wa Kirumi wa karne ya 1 kabla ya Kristo, aliagiza kwamba katika vyumba vya chini, kutoka sakafuni hadi futi tatu hivi (karibu sentimita 90), lipu itiwe vigae vilivyopondwa badala ya mchanga. Karibu na Pozzuoli, Italia, Warumi walikuwa na majivu ya volkano ya kukazia chokaa; kwengine walitegemea vigae. Visiwani kwetu volkano hakuna, vigae vipo.

Chukua vyungu na mitungi iliyovunjika, ile iliyochomwa kwa moto wa kuni. Udongo uliochomwa kwa moto wa wastani ndio unaoshikana na chokaa ukapata kukaza hata penye maji. Malumalu na vyombo vya kung'aa havifai, vimepikwa mno. Twanga, chekecha: nusu iwe unga laini, nusu punje zisizozidi milimita 3.

Kazi kubwa ni chokaa. Nunua ya mabonge, iliyochomwa lakini bado haijatiwa maji. Dondosha bonge moja majini. Lisipochemka, hiyo imekwisha nguvu, usiinunue. Tumia pipa la chuma, kwani la plastiki huyeyuka. Maji yatangulie, ndoo tatu kwa ndoo moja ya chokaa, kisha tia chokaa kidogo kidogo huku ukikoroga kwa mti mrefu. Usimwagie maji juu ya chokaa: hulipuka usoni. Vaa miwani na glavu, weka maji safi karibu. Ikipoa ichuje kwa wavu, iache chini ya maji miezi mitatu au zaidi, mpaka iwe nzito kama samli iliyoganda. Pliny, mwandishi wa Kirumi, anataja sheria ya zamani iliyotaka chokaa ya miaka mitatu! Chokaa changa ina punje ambazo hazijaiva. Hufura ukutani na kuacha mashimo.

Ndani ya Mji Mkongwe, pata kwanza kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Kisha bandua lipu yote mbovu, upite sentimita 30 juu ya alama ya unyevu, na uchokoe viungo vya mawe kina cha sentimita 2. Chumvi ifagiliwe kavu. Ukiiosha inarudi ndani.

Futi tatu za chini: debe 1 la chokaa kwa madebe 3 ya vigae. Juu yake: debe 1 la chokaa, madebe 2 ya mchanga, na theluthi ya debe la vigae. Mchanga wa pwani hutoa chumvi, jambo ambalo Vitruvius naye alilionya, kwa hiyo uoshe vizuri kwa maji ya mvua. Ponda mchanganyiko kwa nguvu badala ya kuongeza maji, ukilegea, utapasuka. Mchanganyiko wa chini hutosha takriban mita 5 za mraba kwa unene wa sentimita 1, na usizidishe unene huo kwa mkupuo mmoja.

Rowesha ukuta, piga lipu, funika kwa magunia mabichi kwa wiki nzima. Msimu mzuri ni kusi, masika yakishapita. Jua la kaskazi hukausha juu kabla ndani hakujakaza. Nyufa zikianza, zikandamize kwa mwiko lipu ikiwa bado laini. Mwisho paka chokaa, si rangi ya mafuta.

Bomba likivuja au ardhi ya nje ikiwa juu kuliko sakafu, lipu yoyote itashindwa. Kwa ukuta wa namna hiyo Vitruvius alishauri ukuta wa pili mwembamba kwa ndani, wenye nafasi, mfereji na matundu ya hewa. Kwa vyumba vyetu vyembamba hiyo ni gharama ya nafasi. Chimba kwanza udongo wa nje, utengeneze na mifereji ya paa.