Vishada vya nyota kwa darubini ya mkononi: anza kusini kabla Msalaba haujazama

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Kundinyota ni umbo tunalolichora wenyewe kwa macho, kama Nge au Msalaba wa Kusini. Nyota zake mara nyingi hazina hata undugu. Kishada ni nyota zilizozaliwa pamoja na bado zinaishi pamoja, kama zabibu kwenye kikonyo kimoja. Tunatafuta vishada; makundinyota ndiyo alama zetu za njiani.

Maelekezo haya ni ya Mbeya katikati ya Julai, kama saa tatu usiku. Wa Iringa na Njombe wayatumie hivyo hivyo. Subiri siku ambazo mwezi haujachomoza au umeshazama. Usingoje Septemba, maana moshi wa mashamba yanayochomwa huchafua anga. Na Tukuyu usiitegemee. Mawingu ya kule yana ukaidi wake.

Darubini

Tafuta 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ya kwanza kununua mimi iliandikwa ubavuni ukuzaji wa kutisha, nami nikaingia mkenge. Nyota zilirukaruka kama kumbikumbi kwenye taa, kwa sababu kinachokuza nyota hukuza na mtetemo wa mkono.

Hatua ya 1: macho na mikono

Kaa gizani dakika 20 hadi 30 bila kugusa simu. Ukihitaji mwanga, funga tochi kwa kitambaa chekundu. Vaa koti na soksi mbili mbili, baridi ya Julai huku si mchezo. Keti, simamisha mpini wa ufagio mbele yako, darubini iegemee juu yake. Kwa nyota za utosini, lala chali mkekani.

Lenga nyota angavu. Ziba lenzi ya kulia, zungusha kigurudumu cha katikati mpaka jicho la kushoto lione nukta kali. Kisha ziba ya kushoto, rekebisha pete ya jicho la kulia. Usipumulie vioo, vitaingia ukungu papo hapo.

Hatua ya 2: kusini

Kwa aliye Mbeya mjini, upe mgongo Mlima Loleza. Mbele yako ni kusini. Utaona nyota mbili angavu zimekaa jirani. Ya kushoto ni Alfa Sentauri, ya kulia ni Beta. Chini yake, upande wa kulia, Msalaba umeshaanza kuinama. Tunaanza huku kwa kuwa ndiko kunakotangulia kuzama.

Kwenye Msalaba, tafuta nyota ya mkono unaoelekea Beta Sentauri. Pembeni yake kabisa kuna kishada NGC 4755, maarufu kama Kisanduku cha Vito. Jina limekizidi: kwa 10x50 ni kidoa kidogo tu chenye nukta chache. Kitazame, upite.

Sasa rudi Beta. Nenda kulia ukipanda kidogo hadi nyota angavu inayofuata, Epsiloni Sentauri. Endelea na mstari uo huo kwa umbali unaokaribia ule ule. Taratibu; hapa ndipo wengi wanapopotea, na wakipotea warudi Beta waanze upya. Ukiona kitu kama kifumba cha pamba, umefika Omega Sentauri: nyota zipatazo milioni 10, umbali wa miaka ya nuru kama 17,000. Charles Messier, Mfaransa aliyeorodhesha vitu hivi katika karne ya 18, hakukiweka kwenye orodha yake. Paris hakichomozi kabisa. Kwetu kinakaa karibu nusu ya njia kwenda utosini.

Hatua ya 3: Nge

Inua uso. Karibu na utosi kuna nyota nyekundu, Antares. Iweke katikati ya darubini. Kidoa hafifu kulia kwake ni kishada M4, yaani namba 4 kwenye orodha ya Messier. Ukikikosa usihuzunike.

Fuata mkia unaoshuka kushoto hadi kwenye mwiba. Toka mwibani, sogea kushoto kidogo: M7. Huhitaji hata kuuliza kama ndicho. Ptolemy wa Iskanderia alikiandika katika karne ya 2, bila darubini yoyote. Juu yake kuna M6, kidogo zaidi, chenye umbo la kipepeo. Vyote viwili huenea pamoja ndani ya 10x50, na mimi hapo huchelewa kulala.

Hatua ya 4: Kilimia

Hiki ni cha alfajiri. Katikati ya Agosti, saa kumi na moja, elekea Loleza kisha geuka kulia kidogo: kaskazini mashariki. Watu wa pwani husema, "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Hata huku hutoweka Mei mvua zikiisha na kurudi alfajiri za Juni anga likiwa kavu. Hesabu nyota zake kwa macho matupu kwanza, wengi huishia 6. Kisha weka darubini, uhesabu tena.